Mapigo Matatu ya Ringi

Benchi la mbele ya duka la Bwana Aweys si benchi. Ni dawati la shule yetu. Hali ya Hatari ilipotangazwa, shule ilitiwa kufuli kwa kuwa wazazi walikuwa wameijenga wenyewe bila kumwomba mtu, na madawati yakabebwa kwa mkokoteni. Sijui hili lilipita mikono mingapi hadi kufika kwenye kibaraza hiki, kandokando ya barabara ya kutoka Meru kwenda Embu. Najua tu kwamba ni lenyewe. Lina shimo la kidau cha wino upande wa kulia, na karibu na shimo kuna hesabu ya kugawanya niliyoichora kwa msumari nikiwa darasa la tano. Sikuimaliza. Siku hizi wanaume watatu hulikalia tangu asubuhi wakinywa kahawa ya tangawizi, na mmoja wao hutumbukiza kikombe chake ndani ya shimo la wino ili kisimwagike. Mimi hukaa chini, kwenye ngazi, na kikapu cha ndizi.

Huyo wa kikombe ni mzee Nyamu. Anaitwa Bama kwa sababu alipigana vita vya Bama, kule Asia, na haipiti siku bila yeye kutukumbusha. Wa pili ni Mwirigi, fundi wa cherehani, anaitwa Sindano. Wa tatu ni Kithaka, mchuuzi wa mbuzi kutoka nchi kavu ya chini kule Embu. Alikuja kuuza mbuzi siku moja ya soko, amri ya kutosafiri bila pasi ikamkuta hapa, na huu ni mwezi wa saba hajaruhusiwa kurudi kwake. Wanamwita Mgeni. Bwana Aweys, mwenye duka na birika, ni Msomali. Amri ya pasi haimhusu. Huenda Meru na Maua na lori lake apendavyo, na kwa hiyo wote humsikiliza na wote humwonea kijicho.

Mtu akiuliza kwa nini wanaume hawa wanakunywa kahawa na mama zetu wanachimba handaki, jibu ni rahisi. Bama ana cheti kinachosema goti lake ni bovu. Sindano anashona kaptula za homgadi, askari wa kienyeji wa serikali. Mgeni hayumo katika daftari la mji wetu, kwa hiyo haitwi kazini, na kwa sababu hiyohiyo haandikiwi pasi ya kwenda kwao.

Mimi wananiita Mwalimu. Jina hilo nililipata kwa kosa langu.

Ng'ambo ya barabara kuna mti wa muringa, nyuma yake ni posti ya homgadi iliyozungukwa na handaki na ua wa miti iliyochongwa. Kwenye mti imening'inizwa ringi ya gurudumu la lori. Chini ya ringi serikali ilisimamisha ubao wa bati wenye kichwa HUDUMA NA SHUGHULI ZA MJI. Watu walikusanyika wakautazama kama wanavyotazama ndege asiyejulikana, mpaka mtu akasema, yuko wapi yule msichana aliyekuwa akisoma. Nikajitokeza nikasoma kwa sauti. Pigo moja, kazi ya handaki. Mapigo mawili, mkutano. Mapigo matatu, nesi, Alhamisi. Mapigo manne, sinema ya bure. Niliwafundisha mama zetu kwa kugonga kikapu, wakarudia mpaka wakajua. Nilijisikia fahari. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kufuli lile kwamba nilichojifunza kilimfaa mtu.

Alhamisi ya kwanza ringi ililia mara tatu, tukaenda, nesi alikuwepo kweli na dawa zake. Alhamisi ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Kisha ikaja siku ya pigo moja ambapo watu walijificha mashambani, handaki likakosa wachimbaji. Bundi, mkubwa wa homgadi, hakukasirika. Alingoja Alhamisi, akapiga mara tatu. Wanawake wakaja na watoto mgongoni, wakavuka ubao wa handaki, na ndani hawakumkuta nesi. Walikuta makarai na majembe yamepangwa mstari. Siku hiyo walichimba mpaka jioni na watoto wagonjwa migongoni.

Mwezi huohuo akapiga mara nne. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa ukutani, tukaketi chini tukingoja picha zitembee. Aliyetembea ni mtu aliyevaa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Alipita mbele yetu akitikisa kichwa. Kila aliyetikisiwa kichwa alihesabiwa mtu wa wapiganaji wa msituni, akapandishwa lori. Baba yangu alikuwa wa nne.

Tangu siku ile, ringi ikilia mji wote unakimbia, iwe imelia mara moja au mara nne.

Sasa nieleze ya Alhamisi hii. Mdogo wangu Kagwiria ana mwaka mmoja na nusu. Aliugua surua, akapona, lakini macho hayakupona. Kwa wiki tatu kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo, na kila asubuhi tulizilainisha kwa maji ya uvuguvugu naye akalia mpaka sauti ikakauka. Mama alienda kuomba pasi ampeleke hospitali Meru. Karani alimwambia hakuna haja ya pasi, mji wenu una nesi wenu, soma ubao. Mama hajui kusoma, ila huo ubao anaujua kwa moyo. Mimi nilimfundisha.

Alfajiri hiyo, kabla ya kwenda shambani, aliniambia nisimvushe mtoto barabara mpaka wazee wa kwa Aweys waniambie kwa hakika kwamba ni nesi. Nikikamatwa, nitabeba karai la udongo juani na mtoto mgongoni, na jua litammaliza macho. Wanaume wale wamezunguka dunia, alisema, wao watajua.

Saa tatu lori la homgadi liliingia posti, limefunikwa turubai. Ni lori lilelile linaloleta majembe, nesi na makaratasi ya serikali. Haukupita muda, ringi ikalia. Mara tatu. Barabara ikabaki tupu. Nilimfunga Kagwiria vizuri zaidi mgongoni nikawauliza waliokaa kwenye dawati langu.

— Wazee wangu, hiyo ni ya nesi au ya handaki?

Bama alikunywa kwanza. Akasema swali ni zuri na kwamba katika jeshi jambo hili lilikuwa na elimu yake. Huwezi kuhesabu mapigo tu, kwa maana adui pia anajua kuhesabu. Unahesabu kimya kilicho kati ya pigo na pigo. Kimya kirefu ni amri ya mzungu, kimya kifupi ni uongo wa askari mdogo.

— Na hiki cha leo kilikuwa kirefu au kifupi? nikauliza.

— Cha kati.

Sindano alicheka mpaka kahawa ikampalia. Alisema yeye hakwenda Bama lakini ana masikio. Nesi ni mwanamke, mkono wake ni mwepesi. Ringi ikigongwa na mwanamke inalia kama sufuria, ikigongwa na Bundi inalia kama jeneza likipigwa misumari.

— Nesi hapigi ringi mwenyewe, fundi, Bwana Aweys alisema kutoka ndani. Bundi ndiye hupiga, siku zote.

— Basi siku ya nesi Bundi hupiga kwa adabu.

— Bundi na adabu walikutana lini?

Mgeni alikuwa amejifunika blanketi ingawa jua lilikuwa limepanda. Watu wa nchi yake ya joto huumia na baridi yetu, lakini siku hiyo meno yake yaligongana kwa homa, si kwa baridi. Alisema sisi watu wa huku juu tunafikiri sana. Mambo yamegeuzwa tu. Serikali inajua kwamba tunajua, kwa hiyo mapigo matatu sasa ni handaki na pigo moja ndilo nesi. Yeye angekuwa na mtoto angengoja pigo moja, aende.

— Jumatatu lilikuwa pigo moja, nilimwambia. Mama alishikwa akikimbia. Lilikuwa handaki.

— Basi Jumatatu walikuwa hawajageuza.

Bwana Aweys akatoka na birika, akawamiminia. Alisema yeye ni mtu wa malori na hatasema habari za masikio. Tazameni magurudumu, alisema. Lori lenye majembe linalala chini, springi zinanyooka. Lori lenye nesi na kasha la dawa linarukaruka kama ndama. Nikamuuliza kama leo aliliona. Akasema aliliona vizuri sana. Lilikuwa limelala nyuma na linarukaruka mbele.

Nilihisi Kagwiria akisugua uso wake mgongoni mwangu. Shuka lilikuwa limelowa pale macho yake yalipogusa. Nikawauliza tena, polepole, kama mwalimu wetu alivyokuwa akituuliza tulipokosa wote. Je, hakuna mmoja wao awezaye kuvuka tu, achungulie ndani ya ua, arudi aniambie kuna nini? Ni hatua sitini. Nimezihesabu.

Bama alipapasa goti. Alisema angekwenda mara moja, si mtu wa kuogopa hatua sitini, aliyeogopa hatua hakufika Bama. Lakini homgadi wakimwona anavuka barabara kwa miguu yake watasema goti linatembea, na goti linalotembea linachimba. Cheti kitachanwa. Sindano alisema akienda bila kuitwa ataulizwa kaptula ziko wapi, nazo hazijaisha. Mgeni alisema yeye hayumo katika daftari. Akienda ataandikwa, na akiandikwa hapa hataona mbuzi wake tena mpaka kufa. Nikamtazama Bwana Aweys, ambaye hana cheti wala kaptula wala daftari.

— Binti yangu, alisema, mimi nina leseni ya duka. Nikionekana naingilia mambo yenu, leseni inakwenda. Na duka likifungwa nani atawapa hawa kahawa?

— Wangekunywa maji, nikasema.

Sindano akasema Mwalimu amekuwa mkali leo, atatuchapa viboko. Walicheka. Sikucheka. Nilitazama hesabu yangu kwenye mbao, iliyofunikwa nusu na paja la Bama, nikafikiri kwamba watu wanne wamekaa hapa, mmoja amefika Bama, mmoja hufika Maua kila wiki, na hakuna hata mmoja aliye tayari kufika ng'ambo ya barabara.

Saa sita ringi ikalia tena mara tatu. Sasa mazungumzo yakaanza kuharibika kabisa, kama yanavyoharibika kila siku birika linapokaribia kwisha. Sindano alisema hata kama nesi yupo, nani anajua dawa ni ya nini? Alisikia kwa mtu wa soko la Gakoromone, aliyesikia kwa dereva, kwamba dawa ya macho inatiwa kitu. Ukitiwa, macho yako yanang'aa gizani kama ya paka, doria ikakuona msituni kutoka mbali.

— Huyu mtoto hatembei vizuri, nikamwambia. Msituni atafika vipi?

— Atakua.

Bama alimkosoa. Alisema si macho, ni ulimi. Dawa ile inalegeza ulimi ili mtu aseme alichoficha. Waliwapa mateka huko Bama, yeye aliona kwa macho yake, na mateka mmoja alisema mfululizo siku tatu. Bwana Aweys akauliza alisema nini. Bama akajibu kwamba alisema Kijapani.

Ndipo Mgeni, kutoka ndani ya blanketi, akasema jambo ambalo sikulisahau. Alisema sisi tunabishana bure kama nesi yupo au hayupo. Yupo. Ila tumeshamwona wote.

— Tumemwona wapi? Sindano akauliza.

— Siku ya sinema. Nani alitazama miguu ya yule mtu wa gunia? Mimi nilitazama. Mchuuzi wa mbuzi hutazama miguu kwanza. Ilikuwa miguu myembamba. Ilikuwa miguu ya mwanamke.

Hakuna aliyecheka. Niliona wazo lile likiwaingia mmoja baada ya mwingine. Nesi ndiye gunia. Anatupa dawa Alhamisi ili azijue sura zetu, kisha anazitikisia kichwa. Sindano alikunja kidole chake cha gumba, ambacho kilikuwa kimevimba na kuoza tangu sindano ya cherehani imwingie, akakificha kwapani kana kwamba kidole kingemsaliti. Na mimi, naandika hili kwa aibu, mimi pia niliamini kwa muda. Nililivuta shuka nikamfunika mtoto kichwa.

Tulikuwa katika hali hiyo tulipomwona akivuka barabara.

Alikuwa mwanamke mfupi mnene, amevaa gauni jeupe lenye udongo mwekundu kwenye pindo. Alibeba kasha la bati mkono mmoja na daftari kwapani. Nyuma yake alikuja Bundi, na mkononi alikuwa na kile chuma cha kugongea ringi. Bama alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilitazama miguu ya nesi kama Mgeni alivyofanya. Ilikuwa minene, imevimba juu ya viatu kwa kukaa.

Alisalimia. Wakajibu kwa pamoja, chini kwa chini. Alisema jina lake ni Marcella, ni nesi wa kuzunguka masoko, na kwamba ametoka kule ndani mwenyewe kwa sababu amechoka kungoja. Alifungua daftari akatuonyesha. Kulikuwa na kurasa tano zenye tarehe juu, na chini ya tarehe hakukuwa na kitu.

— Alhamisi tano, alisema. Nakaa toka saa tatu mpaka saa tisa, narudi na dawa zote. Afisi inasema kama mji huu hauna haja, lori lisinilete tena. Nataka niandike ukweli. Nyinyi hapa hamna wagonjwa?

Bama alikuwa na kikohozi cha mwezi mzima. Niliona kikimpanda kifuani, akakimeza mpaka machozi yakamtoka. Sindano alibana kwapa. Mgeni alishika taya lake kwa mkono ili meno yasigongane. Bwana Aweys alifuta birika ambalo lilikuwa limeshafutwa. Bundi alisimama nyuma ya nesi akitupitishia macho, mmoja mmoja.

Hakuna mtu aliyenituma. Nilisimama kwa sababu Kagwiria alilia, kilio chake kile cha sauti iliyokauka, na baada ya hapo hakukuwa na la kuficha.

— Yuko huyu, nikasema.

Nesi akaweka kasha chini, akawatazama wanaume mpaka wakaelewa, wakainuka. Ilikuwa mara ya kwanza nawaona wote wamelitoka lile dawati kwa wakati mmoja. Akamlaza mtoto juu yake, kichwa karibu na shimo la wino, akaniambia nimshike mikono. Alilowesha pamba akafuta, akafuta tena, mpaka kope za kulia zikafunguka. Jicho lilikuwa jekundu lakini lilikuwa jicho. Likanitazama. Kisha akafungua la kushoto, nalo lilikuwa jeupe lote, kama yai lililochemshwa.

Alitia dawa ya tyubu katika la kulia, akatia na katika la kushoto, lakini la kushoto alilitia kwa haraka, kama mtu anayetimiza sheria. Akaniambia la kulia litapona, nimlete kila Alhamisi.

— Na hili? nikauliza.

— Hili lilitaka dawa mwanzoni. Yameanza lini?

— Wiki tatu.

— Wiki tatu zilizopita nilikuwa pale, alisema, akaonyesha posti kwa kidole. Na wiki iliyofuata. Dawa ilikuwa hii hii, tyubu hii hii. Ringi ilipigwa, au haikupigwa?

— Ilipigwa.

— Mliisikia?

— Tuliisikia.

— Sasa mlikuwa wapi?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Aliwatazama wanaume, akanitazama mimi, akangoja kalamu ikiwa juu ya ukurasa.

Nilijua tulikuwa wapi. Alhamisi ile tulikuwa migombani, mimi na mama, tumelala kifudifudi kwenye majani makavu. Kagwiria alianza kulia kwa sababu ya macho, nami nikamziba mdomo kwa kiganja ili nesi asitusikie.

Bama alitazama goti lake. Mgeni alijivuta ndani ya blanketi. Sindano alifungua mdomo, akamwona Bundi, akaufunga. Bwana Aweys aliinua birika kana kwamba atamkaribisha nesi kikombe, akaligeuza, likatoa matone mawili meusi yaliyoangukia juu ya mbao, kando ya hesabu yangu.

Nesi alikuwa bado anangoja. Mtu mmoja tu pale ndiye aliyepaswa kumjibu, naye alikuwa nyuma ya bega lake, akikwangua udongo kwenye kile chuma kwa ukucha, taratibu, kana kwamba swali halikuwa lake.